Kutunza okidi dirishani: mwongozo kamili kwa nyumba za Afrika Mashariki

Okidi nyingi zinazouzwa katika maduka ya maua ya Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Arusha ni za jenasi moja, Phalaenopsis. Utaitambua kwa majani yake mapana na manene yaliyopangana pande mbili, na kwa kikonyo kirefu kinachobeba maua meupe, ya waridi, ya zambarau au ya manjano kwa miezi miwili hadi mitatu. Mnunuzi huichukua ikiwa katika uzuri wake wote, akaiweka sebuleni na kuimwagilia kila siku kama anavyomwagilia maua mengine. Kisha maua hupukutika, majani hulegea, na mmea hutupwa kwa kudhaniwa kwamba umemaliza maisha yake. Dhana hiyo si sahihi, kwa sababu mmea huo huo ungeweza kuishi miaka mingi na kuchanua karibu kila mwaka. Kinachouua mara nyingi ni maji yaliyotuama kwenye mizizi isiyopata hewa, na kinachouzuia kuchanua ni uhaba wa mwanga.

Maelekezo mengi yanayosambaa kuhusu okidi yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Ulaya na Marekani, ambako jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima na nyumba hupashwa joto wakati wa baridi. Anayeyafuata neno kwa neno akiwa Tanga au Nakuru atakosea dirisha, atakosea majira, na huenda akakosea hata maji.

Mmea usiotaka udongo

Spishi za asili za Phalaenopsis hutoka katika misitu yenye joto ya Asia ya Kusini-Mashariki, hasa Ufilipino, Indonesia na Malesia. Huko hazioti ardhini, bali hushikamana na magome ya miti bila kunyonya chochote kutoka katika miti hiyo. Mvua ikinyesha, mizizi yake iliyo wazi hulowa chapachapa. Mvua ikikatika, upepo huikausha ndani ya saa chache. Mizizi hiyo imevikwa tabaka nene la tishu mfano wa sifongo, ambalo hufyonza maji kwa haraka sana, na chini ya tabaka hilo kuna chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga kama majani yafanyavyo.

Tabaka hilo likikauka huonekana la rangi ya fedha. Likilowa, kijani cha ndani hujitokeza. Kwa hiyo mmea wenyewe hukueleza lini una kiu, na ndiyo maana ni vyema okidi ikae katika chombo cha plastiki angavu ili mizizi ionekane. Ukiipanda katika udongo wa bustani, hata uwe na rutuba kiasi gani, mizizi itakosa hewa na kuoza.

Kuchagua mmea dukani

Usivutwe na maua peke yake. Chagua mmea wenye maua machache yaliyofunguka na matumba mengi yaliyobaki, maana utaufurahia kwa muda mrefu zaidi. Majani yawe magumu na yasiyo na madoa ya majimaji, na kitovu cha mmea, yaani pale jani jipya linapotokea, kiwe kikavu na cha kijani safi. Kisha uangalie mizizi kupitia ukuta wa chombo: iliyo hai ni minene na migumu, ya fedha au ya kijani, ilhali iliyooza ni ya kahawia na hubonyea.

Okidi ya buluu iliyokolea unayoiona sokoni kwa kawaida ni nyeupe iliyotiwa rangi kupitia kikonyo. Haidhuriki sana kwa hilo, lakini maua yake yajayo yatakuwa meupe, na mnunuzi anastahili kujua hivyo kabla hajalipa.

Mimea ya dukani huzalishwa katika maabara na vitalu, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Misitu yetu ina okidi zake, miongoni mwao Ansellia africana yenye maua ya manjano yaliyotiwa madoa ya kahawia, na kuna watu wanaoziparamia mitini na kuzing'oa ili waziuze kando ya barabara. Familia nzima ya okidi imo katika orodha za mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini. Mbali na sheria, okidi iliyong'olewa mtini hupoteza sehemu kubwa ya mizizi yake na mara nyingi hufa mikononi mwa mnunuzi. Usiinunue.

Dirisha lipi?

Katika nyumba nyingi za ukanda huu, dirisha la mashariki ndilo bora kuliko yote. Jua la asubuhi, tangu linapochomoza hadi kama saa tatu au saa nne, lina mwanga wa kutosha na bado halijapata ukali wa kuunguza. Dirisha la magharibi hupokea jua la alasiri, wakati kuta na hewa zimekwisha kupata joto. Hapo okidi iwekwe nyuma ya pazia jepesi, au isogezwe ndani kiasi cha mita moja.

Madirisha ya kaskazini na kusini yanahitaji maelezo zaidi. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, jua la adhuhuri huhama upande kadiri mwaka unavyosonga. Dar es Salaam, kwa mfano, jua hilo huwa upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyobaki. Nairobi mabadiliko hayo hutokea karibu na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Okidi iliyostawi vizuri katika dirisha la kaskazini mwezi Julai inaweza kukosa jua la moja kwa moja ifikapo Desemba, bila mwenyewe kuhamisha chochote. Hata hivyo jua letu la adhuhuri huwa juu sana, hivyo nyumba yenye paa lililotokeza nje ya ukuta hupata mwanga laini katika madirisha hayo, nao huitosha okidi ikiwa hakuna mti au jengo la jirani linalouziba. Kumbuka pia kwamba wavu wa mbu na vumbi la kiooni hupunguza mwanga kuliko jicho linavyodhani. Kusafisha kioo ni sehemu ya utunzaji.

Ili kupima mwanga, nyoosha mkono wako kiasi cha sentimita 30 juu ya majani wakati wa mchana. Kivuli hafifu chenye kingo zisizo kali ni dalili ya mwanga unaofaa. Kivuli cheusi chenye kingo kali humaanisha jua limezidi, na kutokuwepo kwa kivuli humaanisha mahali pana giza. Baada ya majuma kadhaa majani nayo yatatoa ushahidi: kijani kibichi cha wastani ni kizuri, kijani kilichokoza sana huashiria uhaba wa mwanga, nacho kijani cha manjano au chenye wekundu huashiria wingi wake. Gusa jani saa ya jua kali. Likiwa la moto mkononi, sogeza mmea siku hiyo hiyo, kwa sababu doa la kuungua, ambalo huanza jeupe kisha likawa la kahawia na kukauka, halitapona kamwe.

Kumwagilia

Usimwagilie kwa kalenda. Ratiba ya mara moja kwa juma ni makadirio tu, maana chombo kile kile kinaweza kukauka kwa siku nne Dodoma wakati wa kiangazi na kukaa na unyevu kwa siku kumi Tanga wakati wa masika. Tazama mizizi iliyo ndani ya chombo, si ile inayoning'inia nje, ambayo hukauka mapema. Ikiwa bado ni ya kijani na kuna matone ndani ya ukuta wa chombo, subiri. Mizizi mingi ikishakuwa ya rangi ya fedha, na chombo kikawa chepesi ukikiinua, mwagilia.

Njia ninayoipendelea ni hii. Asubuhi, toa chombo cha plastiki kutoka ndani ya kile cha mapambo, ukiweke katika beseni, kisha mimina maji ya vuguvugu la kawaida hadi yafikie theluthi mbili za kimo chake. Acha kwa dakika 10 hadi 15, mizizi inywe mpaka igeuke kijani. Kinyanyue, kiache kichuruzike kabisa katika sinki, na ndipo ukirudishe dirishani. Kama una mimea kadhaa, tumia maji mapya kwa kila mmoja, kwa sababu magonjwa ya mizizi huenea kupitia beseni moja. Maji yasibaki chini ya chombo cha mapambo hata kidogo; hapo ndipo kuoza kunakoanzia.

Hakikisha vilevile kwamba maji hayatuami katika kitovu cha mmea. Yakiingia kwa bahati mbaya, yafyonze kwa pamba au karatasi laini kabla ya jioni. Phalaenopsis hukua kutoka katika kitovu kimoja tu; kikioza, mmea hauwezi kuendelea kwenda juu, na matumaini hubaki kwenye chipukizi la pembeni iwapo litatokea.

Maji ya mvua ndiyo bora, nasi tunayo kwa miezi mingi: yakinge kutoka katika paa safi baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi. Wakazi wa pwani wanapaswa kuwa waangalifu zaidi, maana maji ya visima katika maeneo mengi ya huko yana chumvi, na chumvi hujikusanya katika mchanganyiko wa kupandia hadi ncha za mizizi zikaungua na kuwa nyeusi. Ukiona ukungu mweupe wa chumvi juu ya magome au kwenye kingo za chombo, umekwisha kuchelewa kidogo; pitisha maji ya mvua kwa wingi mara mbili au tatu, kisha ubadilishe chanzo chako cha maji.

Mbolea

Okidi huhitaji mbolea kidogo sana. Nunua katika duka la pembejeo mbolea ya unga inayoyeyuka majini yenye uwiano sawa wa NPK, yaani nitrojeni, fosforasi na potasiamu, kama vile 20-20-20 au 19-19-19, na uiyeyushe kwa kiasi cha kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa ndoo ya lita 20. Tumia maji hayo mara tatu kwa mwezi mmea unapotoa majani au mizizi, na mara ya nne mwagilia maji matupu ili kuondoa mabaki. Usiweke mbolea kwenye mizizi mikavu kabisa, iloweshe kwanza. Samadi, urea na maji ya kuoshea mchele hazifai hapa: samadi huziba hewa, urea ni kali mno kwa mizizi iliyo wazi, na maji ya mchele huchacha na kuvuta vijidudu.

Joto, unyevu na hewa

Nyuzi joto 18 hadi 30 za Selsiasi huifaa Phalaenopsis, kwa hiyo pwani yetu inaielekea kwa asili. Nairobi, Limuru au Njombe katika miezi ya Juni na Julai, usiku karibu na kioo unaweza kushuka chini ya nyuzi 15, na hapo ukuaji husimama. Usogeze mmea ndani ya chumba jioni, majani yasigusane na kioo. Unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 70 unatosha. Mahali pakavu, weka chombo juu ya sinia lenye kokoto na maji kidogo, kitako kikae juu ya kokoto bila kugusa maji. Kunyunyizia majani maji kwa bomba la mkono hakuongezi unyevu kwa muda wa maana.

Hewa inayotembea polepole huzuia ukungu, ila upepo wa moja kwa moja wa kiyoyozi au feni hukausha matumba yakaanguka kabla ya kufunguka. Sababu nyingine ya matumba kuanguka, ambayo wengi hawaishuku, ni gesi ya ethilini inayotolewa na matunda yanayoiva. Ndizi mbivu na maembe yasikae karibu na okidi yenye matumba, na moshi wa jiko la mkaa pia uepukwe.

Kuifanya ichanue tena

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, hasa pwani. Phalaenopsis hutoa kikonyo kipya inapopata majuma kadhaa ya hali ya ubaridi kiasi, joto likiwa chini ya nyuzi 25 kwa sehemu kubwa ya siku na usiku ukishuka hadi karibu nyuzi 18. Katika majira ya kaskazi, usiku wa Dar es Salaam au Mombasa hauteremki kiasi hicho, na mmea hutoa majani tu. Ukombozi huja na kipupwe, kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapopoza usiku. Ifikapo mwishoni mwa Mei, hamishia okidi katika dirisha lenye mwanga mwingi zaidi ulionao, uache dirisha wazi usiku, na uendelee na mbolea kama kawaida. Mmea usiwe dhaifu: uwe na angalau majani matatu au manne yaliyo imara na mizizi hai. Nyanda za juu hazina tatizo hilo la joto. Huko kinachokosekana kwa kawaida ni mwanga, hasa mawingu yanapofunika Julai nzima.

Kikonyo kichanga hufanana na mzizi na huwachanganya hata wazoefu. Mzizi una ncha ya mviringo inayong'aa na huelekea popote, wakati kikonyo hutoka kwenye shina chini ya jani, kina ncha iliyobapa na kukunjana, nacho hupanda kuelekea mwangani. Kikishafika sentimita 10, usigeuzegeuze chombo, kwa sababu kitapinda kufuata mwanga kila mara na maua yatatazama pande zisizo na mpangilio. Kifunge kwa ulegevu kwenye kijiti cha mwanzi. Tangu kikonyo kinapoonekana hadi ua la kwanza kufunguka hupita miezi miwili hadi mitatu, na ni busara kutohamisha mmea katika muda huo.

Maua yakiisha, uamuzi hutegemea afya ya mmea. Ukiwa na nguvu, kata kikonyo sentimita moja hivi juu ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini, na huenda tawi jipya la maua likachipuka hapo. Ukiwa na majani machache au yaliyolegea, kikate karibu na shina ili mmea upumzike. Mimi huchagua njia hii mara nyingi, kwa kuwa maua ya kikonyo kipya huwa makubwa na mengi zaidi. Wakati mwingine kifundo hutoa mche mdogo kamili badala ya maua. Uache hapo hapo mpaka uwe na mizizi miwili au mitatu yenye urefu wa sentimita 5 au zaidi, kisha uukate na kuupanda katika chombo chake.

Kubadilisha chombo

Fanya hivi kila baada ya miaka miwili, au mapema zaidi magome yakianza kumeng'enyuka na kunuka udongo. Wakati mzuri ni baada ya maua kuisha, hasa mizizi mipya inapoanza kutokeza.

Mchanganyiko unaweza kutengenezwa nyumbani: sehemu tatu za magome ya msonobari, sehemu moja ya vipande vya makumbi ya nazi na sehemu moja ya mkaa wa kawaida, vyote vikiwa na ukubwa wa sentimita moja hadi mbili. Magome hupatikana kwenye viwanda vya mbao. Yachemshe, kisha yaanike. Makumbi yalowekwe kwa siku tatu huku maji yakibadilishwa kila siku, kwa sababu yana chumvi nyingi, na mkaa uoshwe mpaka maji yasiwe meusi. Katika sehemu zenye unyevu kama Unguja au Tanga, punguza makumbi, maana hushika maji kwa muda mrefu. Katika sehemu kavu, yaongeze.

Loweka mmea kwa dakika chache ili mizizi ilainike, utoe katika chombo, na uondoe mchanganyiko wote wa zamani kwa vidole. Mimea mingi ya dukani ina bonge la nyuzinyuzi za mimea ya kinamasi lililobanwa katikati ya mizizi, chini kabisa ya shina, nalo hubaki na maji hata pale juu panapoonekana pakavu. Liondoe lote, hata kama kazi hiyo itachukua muda. Pitisha mkasi kwenye moto au uufute kwa spiriti, halafu ukate mizizi yote iliyo laini, mitupu au ya kahawia. Unga wa mdalasini unaweza kupakwa kwenye jeraha lenyewe tu, usiguse mizizi mizima, kwani huikausha. Chagua chombo kinachoizidi mizizi kidogo sana, chenye matundu mengi, kisha ushikilie mmea katikati huku ukijaza mchanganyiko pembeni na kukigongagonga chombo ili vipande vijipange. Shina likae usawa wa uso wa mchanganyiko, majani ya chini yasizikwe. Usimwagilie kwa siku mbili au tatu, majeraha yapate kukauka.

Wadudu, magonjwa na mmea uliopoteza mizizi

Vidung'ata, ambao huonekana kama vipande vya pamba kwenye maungio ya majani, na wadudu gamba, ambao hufanana na vipele vya kahawia, ndio wasumbufu wakuu. Wafute kwa pamba iliyochovywa katika spiriti na urudie kila juma kwa mwezi mzima, maana mayai hayafi yote mara moja. Ukiona sisimizi wakipanda chombo, kagua chini ya majani, kwani hufuata utomvu mtamu wa wadudu hao na huwalinda. Jani linalopata weupe wa vumbi kwa chini katika kipindi cha ukavu huenda lina utitiri. Lioshe pande zote kwa maji yenye sabuni kidogo. Doa laini la majimaji linalokua haraka na kunuka ni ugonjwa wa bakteria: kata jani sentimita mbili ndani ya sehemu nzima, tenga mmea huo, na usilowanishe majani yake tena.

Majani yaliyokunjamana na kulegea hudhaniwa kila mara kuwa ni kiu, na mwenye mmea huongeza maji. Kabla ya kufanya hivyo, toa mmea na utazame mizizi. Kama ni ya fedha na migumu, ni kiu kweli. Kama imeoza, maji zaidi yatamalizia kazi. Kata iliyokufa yote, uache shina likauke siku moja, kisha uuweke mmea juu ya tabaka jembamba la makumbi yenye unyevu ndani ya chupa kubwa ya maji ya plastiki angavu iliyokatwa nusu na kuunganishwa tena kwa gundi ya karatasi. Iweke mahali penye mwanga usio na jua la moja kwa moja, uifungue dakika chache kila siku hewa ibadilike, na usitie mbolea. Mizizi mipya huweza kuchukua mwezi hadi miezi mitatu kutokea. Ikifika sentimita 4 au 5, uzoeshe mmea hewa ya chumba kwa kuacha chupa wazi muda mrefu zaidi kila siku, na ndipo uupande katika chombo kidogo chenye mchanganyiko ulioelezwa hapo juu.